Kwa Nini Tumebadili Kanuni za Mashindano Yetu ya Karata Mtandaoni

Mwaka jana, tulipomaliza raundi ya nne ya mashindano yetu madogo ya Hearthstone, mchezaji mmoja alikuwa ameshinda mechi zote, wanne walikuwa wameshinda tatu na kupoteza moja, na nafasi za nusu fainali zilikuwa nne tu. Aliyebaki nje alikuwa binti mmoja wa Sakina, Arusha, aliyecheza mchana kutwa kwa simu iliyochomekwa kwenye chaja, na ambaye kwenye wasifu wake ameweka picha ya Li Xiaomeng wa China, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu, mwaka 2019. Hakulalamika. Aliandika tu katika kundi letu, kwa adabu, akiuliza amekosea wapi. Mimi niliyekuwa mwamuzi nilikaa na swali hilo nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi, hadi usiku, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa kwamba hakukosea popote. Alipoteza mechi yake ya kwanza badala ya kupoteza ya mwisho.

Tangu siku ile nimekuwa nikizipitia kanuni zetu moja baada ya nyingine, na kwa kuwa usajili wa mwaka huu umekaribia, nimeona ni haki kueleza kila mabadiliko na sababu yake kabla karata ya kwanza haijachezwa.

Kwa wasioufahamu mchezo wenyewe, Hearthstone ni mchezo wa karata wa kampuni ya Blizzard ya Marekani, uliotolewa rasmi mwezi Machi 2014, na mwaka uliofuata ukaanza kuchezwa kwenye simu janja, jambo lililotuwezesha wengi wetu tusio na kompyuta kuucheza. Katika karata tulizozikuta mezani kwa wajomba zetu, jozi moja ya karata 52, yenye kopa, shupaza, uru na pau, hugawiwa wote. Hapa kila mchezaji huja na jozi yake aliyoipanga mwenyewe nyumbani: kwa kawaida karata 30, ambazo ndani yake karata ya aina moja haizidi nakala mbili, na zile za daraja la juu kabisa huruhusiwa nakala moja tu. Kila jozi huongozwa na shujaa mmoja, kama vile mwindaji, kuhani au mchawi, na shujaa huyo ana karata zake ambazo mashujaa wengine hawazitumii. Shujaa huanza na uhai wa 30, na ukiisha mchezo umekwisha. Zamu moja huchukua sekunde 75 kwa ukomo, na wakati wa zamu yako mpinzani hachezi karata yoyote. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayoufanya mchezo huu uivumilie intaneti ya kusuasua, na ndiyo sababu niliuchagua kuliko mingine.

Wengi huniuliza kwa nini hatuchezi mtoano tangu mwanzo kama Kombe la mpira. Katika mtoano wa watu 16, wanane huondoka baada ya raundi ya kwanza, na mtu aliyenunua bando la siku nzima hutolewa kabla hajatumia robo yake. Sisi tunatumia mfumo wa Uswisi, ambao asili yake ni mashindano ya sataranji yaliyofanyika Zürich mwaka 1895. Raundi ya kwanza hupangwa kwa kura. Kuanzia ya pili, wenye pointi sawa hukutanishwa, mshindi na mshindi, aliyepoteza na aliyepoteza, na watu wawili hawakutanishwi mara mbili. Hakuna anayetolewa, anayepoteza huendelea kukutana na watu wa kiwango chake hadi raundi zote ziishe. Idadi ya raundi hufuata idadi ya wachezaji: wanane hutosheka na tatu, 16 huhitaji nne, na 32 huhitaji tano, kwa maana kila raundi huwagawa kwa nusu wale ambao bado hawajapoteza, mpaka abaki mmoja.

Ukiwa na watu 16 na hakuna anayejitoa, hesabu ya mwisho inajulikana hata kabla hamjaanza. Mmoja atakuwa na ushindi nne, wanne watakuwa na tatu, sita watakuwa na mbili, wanne watakuwa na mmoja, na mmoja hatakuwa na kitu. Nilipaswa kuiandika hesabu hii mapema mwaka jana, kwani ingenionyesha kwamba kupeleka watu wanne nusu fainali ni kukata katikati ya kundi la watu waliolingana.

Waliolingana tuliwatenganisha kwa kigezo kinachotumika pia katika mashindano ya Magic, mchezo wa karata uliotangulia yote ya namna hii, ulioanzishwa mwaka 1993 na Richard Garfield. Kigezo chenyewe ni wastani wa asilimia ya ushindi wa wapinzani uliokutana nao, na mpinzani aliyefanya vibaya mno huhesabiwa kuwa na asilimia 33 hata kama alishinda chini ya hapo, ili usiadhibiwe kupita kiasi kwa kukutanishwa naye. Hoja yake ni njema: aliyewashinda wagumu astahili zaidi ya aliyewashinda wepesi. Lakini chukua wachezaji wawili waliomaliza na ushindi mitatu kila mmoja. Wa kwanza alishinda mechi zake tatu za mwanzo kisha akapoteza ya nne kwa yule ambaye hakupoteza kabisa. Wapinzani wake walimaliza na asilimia 100, 50, 50 na 33, na wastani wake ni 58.25. Wa pili alipoteza mechi ya kwanza, akashushwa kwa waliopoteza, akawashinda wote watatu waliofuata. Wapinzani wake walimaliza na asilimia 75, 33, 50 na 50, na wastani wake ni 52. Huyu wa pili hakuchagua wapinzani hao. Ni mfumo uliompangia, kisha mfumo huohuo ukamhukumu kwa wale uliompangia. Hayo ndiyo yaliyompata binti wa Sakina.

Sisemi kigezo hiki ni kibaya. Hakuna kingine ninachokijua kinachoshinda hiki kwa kupanga orodha ya watu waliolingana. Ninachosema ni kwamba kinafaa kupanga nafasi, hakifai kumwondoa mtu ambaye ameshinda mechi sawa na waliosonga mbele, na nitalirudia jambo hili nikifika kwenye nusu fainali.

Kuhusu mechi zenyewe, tumebaki na utaratibu wa kushinda kwa kila jozi. Zamani mashindano makubwa yalifuata utaratibu ambao jozi iliyoshinda hubaki mezani na iliyoshindwa huondolewa. Ndivyo ilivyokuwa katika ubingwa wa dunia wa 2014, aliouchukua Mmarekani James Kostesich, maarufu kama Firebat. Ubaya wa utaratibu huo ni kwamba jozi moja kali, ikipata mikono mizuri, yaweza kumaliza jozi zote za mpinzani peke yake. Kuanzia 2015 ubingwa wa dunia ukageuza kibao: jozi iliyoshinda hupumzishwa, na ili kuishinda mechi ni lazima kila jozi yako ishinde mara moja. Utaratibu huu humpima mtu kwa upana wa ujuzi wake.

Hata hivyo, kwetu kudai jozi nne za mashujaa wanne tofauti kungekuwa dhuluma. Karata hupatikana kwa kucheza sana au kwa kulipa, na wengi wetu ni wanafunzi, mafundi na wauzaji wa maduka. Kwa hiyo tunadai jozi tatu za mashujaa watatu. Kabla ya mechi kila mmoja humfungia mpinzani wake jozi moja, zinabaki mbili, na anayetangulia kushinda kwa zote mbili ndiye mshindi, katika michezo isiyozidi mitatu. Ikitokea mashujaa wote wawili wakafa kwa pamoja, jambo ambalo hutokea mara chache, mchezo huo ni sare na unarudiwa kwa jozi zilezile.

Jozi zote huwasilishwa Ijumaa jioni, kwa msimbo ambao programu yenyewe huutoa, na huwekwa wazi kwa washiriki wote. Baadhi ya vijana wa Njiro walitaka ziwe siri. Nimekataa, kwa sababu siri haiwi siri kwa kila mtu: mwenye marafiki watano ndani ya mashindano atazijua jozi za wengi ifikapo raundi ya tatu, na aliyejisajili peke yake kutoka Himo hatajua kitu.

Sasa nije kwenye jambo lililotusumbua kuliko yote, yaani umeme na mtandao. Mtu akikatika katikati ya mchezo, programu humruhusu kurudi palepale alipoachia, ila saa ya zamu haimsubiri. Akirudi, mchezo unaendelea na hakuna kurudia. Asiporudi na mchezo ukaisha, amepoteza mchezo huo mmoja, wala si mechi nzima. Atakuwa na dakika kumi za kujitokeza kwa mchezo unaofuata, na zikipita mpinzani hupewa ushindi wa mezani. Najua kanuni hii inaonekana ngumu, na mimi mwenyewe mwanzoni nilitaka michezo iliyokatika irudiwe. Nilibadili mawazo nilipotambua kwamba anayeona anashindwa akazima data hatutaweza kumtofautisha na aliyekatiwa umeme kwelikweli. Tukianza kupima ukweli wa watu tusiowaona, tutaishia kuwaamini tunaowafahamu na kuwashuku wageni.

Nimeongeza kipengele kimoja tu cha huruma. Umeme ukikatika kwa wachezaji wanne au zaidi katika raundi moja, kama ilivyotokea mwaka jana mvua ilipokuwa kubwa upande wa Moshi, mwamuzi atasimamisha raundi nzima kwa wote, walio gizani na walio kwenye mwanga, na michezo ambayo haijaanza itasubiri hadi nusu saa. Uliokwisha kuanza utaendelea, kwa sababu programu haituruhusu kuusimamisha.

Matokeo huripotiwa na wote wawili, kwa picha ya skrini ya mwisho, ndani ya dakika tano. Anayelazimika kujitoa aseme kabla raundi inayofuata haijapangwa, ili asimwache mwenzake akisubiri kiti kitupu. Idadi ikiwa witiri, anayekosa mpinzani hupewa ushindi wa mezani, naye ni yule mwenye pointi chache kuliko wote ambaye hajawahi kuupewa.

Kuhusu saa, naomba kila mtu asome kwa makini. Niliwahi kukosa mashindano ya waandaaji wa Ulaya ya kati niliyojiandaa kwa miezi miwili. Tangazo lilisema 18:00 kwa saa zao, ambayo majira yote ya baridi ilikuwa saa mbili usiku kwetu. Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Machi, siku ambayo Ulaya husogeza saa zake mbele, sisi tusiosogeza tukabaki palepale, na mechi zikaanza saa moja yetu. Nilipofungua simu saa mbili kasorobo, uthibitisho wa washiriki ulikuwa umefungwa na raundi ya kwanza inaendelea. Kwa sababu hiyo matangazo yetu yataandika saa kwa namna zote mbili: uthibitisho ni Jumamosi saa saba mchana, yaani 13:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na raundi ya kwanza ni saa nane, yaani 14:00. Jumapili hatutaanza kabla ya saa nane pia, ili walio ibadani wawahi kula.

Inabaki nusu fainali. Tulifikiria kupeleka watu wanane mbele, lakini hilo lingewachukua watatu kati ya sita wenye ushindi mbili na kuwaacha watatu wengine kwa asilimia, yaani kosa lilelile la mwaka jana, safari hii kwa watu wengi zaidi. Tumeamua hivi: kila mwenye ushindi tatu au zaidi anasonga mbele, na kwa watu 16 hao ni watano. Asiyepoteza ni wa kwanza, asilimia ya wapinzani itawapanga wanne waliobaki kuanzia wa pili hadi wa tano, na kazi yake itaishia hapo. Wa nne na wa tano watacheza mechi moja ya kuwania nafasi ya mwisho, Jumamosi hiyohiyo saa mbili usiku, kwa jozi zilezile walizosajili Ijumaa, na atakayeshinda atakutana na aliyemaliza bila kupoteza, Jumapili saa nane mchana.