Kina mama twende kwa bajeti, tusiishie kwa status

Kina mama tukiamua jambo letu hatushindwi, hilo mie sina shaka nalo kabisa. Grupu ya harusi ikifunguliwa WhatsApp leo, kesho ishajaa watu, keshokutwa leso za sare zishachaguliwa na pesa zaanza kuingia, mweka hazina yuko macho kushinda benki na asiyelipa anatajwa jina mbele ya watu bila haya. Sasa nguvu hizo zote zinakwenda wapi tukifika kwa mambo ya likizo ya uzazi, mahali pa kuacha mtoto, chumba cha kunyonyeshea? Hapo twabaki kuweka status za huzuni na emoji za kulia, basi.

Tuanze na sheria kwanza maana wako wanaodhani hatuna kitu. Tunacho. Hapa Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mama miezi mitatu na mshahara kamili, baba wiki mbili. Kabla ya hapo ilikuwa miezi miwili na ukiichukua, likizo yako ya mwaka mzima imekwenda, yaani kuzaa kulihesabiwa kama ulikuwa umekwenda kutembea kwa shangazi. Mwaka 2021 akaongezewa anayechukua mtoto wa kuasili, mwezi mmoja na mshahara, na mswada ule uliletwa na mbunge wa Gilgil, Martha Wangari. Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017, hii ndiyo wengi hawajaisikia. Yasema mwajiri aweke chumba cha mama kunyonyesha au kukamua maziwa, chenye pa kunawa mikono, friji au chochote cha kuweka maziwa baridi, plagi ya umeme ya pampu, meza ndogo na kiti cha kukalika, na kisiwe chooni. Imeandikwa kabisa, kisiwe chooni. Na wapewe muda wa kunyonyesha, hadi saa moja kwa kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula.

Ukisoma hivyo utadhani twaishi Sweden.

Mie niliporudi kazini mwanangu alikuwa na miezi mitatu na hicho chumba sikukiona. Nilikuwa nakamulia chooni, nimekaa juu ya kifuniko, pampu ya mkono, buibui nimelikunja magotini lisiguse sakafu, na mlango komeo lake limekufa kwa hivyo nauzuia na mguu mmoja huku nasikia wenzangu nje wananawa na kupiga soga za mpira. Maziwa yakitoka kidogo wajua ni wasiwasi, yakitoka mengi wafurahi halafu wakumbuka friji ya ofisi imejaa soda za wageni na kuna mtu ashasema hataki "vitu vya mwilini" mle ndani. Basi chupa naiweka kwenye kitermo na barafu za kununua dukani, jioni nafika nyumbani nusu yake nayamwaga kwa sababu siyaamini tena. Bosi hakuwa mtu mbaya, wallahi, alikuwa tu hajawahi kuulizwa. Na mimi peke yangu sikuthubutu kumuuliza, mtu ndio kwanza atoka likizo aanze kudai friji?

Na hesabu yenyewe haifiki. Kliniki wakwambia mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, hata maji usimpe. Sheria yakupa mitatu. Hiyo mitatu iliyobaki wajijua na mamako au dada wa kazi. Hapo ndio kwanza nazungumzia sisi tulioajiriwa kwa barua. Yule anayeshona nguo kwa kibarua kule EPZ, kwenye viwanda vya nguo za kuuzwa nje, mama wa mbaazi na mahamri, mama wa kukaanga samaki, hao likizo yao ni vile jirani atakavyowahurumia, wengine wiki tatu tu ushamuona kwa jiko, mtoto yuko kwenye karatoni chini ya meza na moshi wote ule.

Wengi wakisikia hivi wanasema tudai miezi sita basi. Sawa, lakini mie nina neno hapo na najua kuna watakaokasirika. Kenya mshahara wa likizo ya uzazi unatoka mfukoni mwa mwajiri. Ndio maana kwenye usaili wauliza ati umeolewa, una watoto wangapi, na haja yao si kukujua. Mwenye duka la watu watano akisikia miezi sita ataajiri wanaume watano na hakuna wa kumshtaki maana hatasema sababu. Shirika la Kazi la Kimataifa, ILO, tangu mkataba wao wa mwaka 2000 wasema likizo isipungue wiki 14 na pesa zitoke kwenye bima ya jamii au mfuko wa umma, mwajiri asibebeshwe peke yake. Kelele zetu mie ningependa zianzie hapo, nani analipa, halafu ndio tuje kwa miezi mingapi.

Kelele twaziweza. Mei 2018 kule Nairobi mama mmoja alisumbuliwa hotelini kwa kunyonyesha bila kujifunika, akaandika yaliyompata Facebook kwenye grupu ya Kilimani Mums, na haikupita hata muda kina mama wakaingia barabarani na watoto wao kuandamana. Grupu ambayo watu waliizoea kwa umbea na kuulizana fundi wa sofa! Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 2019, huyu wetu wa Kwale, Zuleikha Hassan, wakati huo mbunge mwakilishi wa wanawake, akaingia bungeni na mtoto wa miezi mitano. Mbunge mwenzake, Christopher Omulele, ndiye aliyekuwa kwenye kiti cha spika siku hiyo, akamwamuru atoke na mtoto. Kumbe chumba cha watoto bunge lilishakubali kiwekwe tangu 2013 na bado hakikuwapo. Kukawa na zogo, wabunge wengine wanawake wakatoka pamoja naye, picha zikazunguka dunia nzima. Nilijivunia sana siku ile, nikasema afadhali wameona, kumbe hata mbunge mwenye mshahara ule na dereva anaweza kukosa pa kumuacha mtoto.

Lakini picha ikizunguka wiki moja inakwisha. Waliofika mbali zaidi ni majirani zetu Tanzania na jambo la njiti, yaani watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake walishikilia miaka kitu kimoja tu, kwamba mama wa njiti likizo yake inakwisha mtoto bado hajafika hata siku aliyotakiwa kuzaliwa. Siku 84 za likizo ya kule nyingi zake mtu azimalizia wodini. Hawakuchanganya na mambo mengine kumi. Mwaka 2025 sheria ya kazi ikabadilishwa, mama wa njiti akaongezewa muda. Sisi huku twakwenda na orodha ndefu kama ya mahari halafu twashangaa hakuna kilichoshikwa.

Ndio maana mwaka huu sisi kwa grupu yetu tumechagua kimoja, pahali pa kuacha watoto karibu na soko. Na tuna pa kusimamia. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeorodhesha vituo vya kulea watoto chini ya kazi za kaunti, pamoja na shule za chekechea. Kwa hivyo mwakilishi wadi asikwambie hilo ni la Nairobi.

Tulikwenda kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Viti vya plastiki, feni moja, karatasi za bajeti kwa Kiingereza zenye herufi za sisimizi, mbele wamekaa wazee na wale vijana ambao kila kikao wapo. Barabara, taa, barabara, mtaro. Mwenzetu anayeuza ndizi akasimama na mtoto mgongoni, mtoto analia, mwenye kipaza sauti akamwambia mama mnyamazishe kwanza. Akajibu, "Huyu ndiye aliyenileta, mngekuwa na pa kumuacha ningekuja peke yangu." Ukumbi ukacheka, hata mzee aliyekuwa amesinzia. Halafu akasema ni mtaa gani, kituo kikae upande gani, watoto takriban wangapi, na kila mama yuko tayari kuchangia ngapi kwa siku. Karani alikuwa hajaandika kitu kwa mitaro yote ile, pale akaandika.

Tatizo ni kwamba tulikuwa tumechelewa, bajeti ilikuwa ishapikwa. Kuna kalenda, na ukiijua hawakuchezi. Mpango wa maendeleo wa mwaka wafaa kuwa umefika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba. Mkakati wa fedha, ule unaosema kila idara itapata kiasi gani, 28 Februari. Makadirio yenyewe 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha waanza 1 Julai. Ukienda Mei na jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wa Septemba, watakupa soda na mkate wakushukuru kwa kuhudhuria.

Kwa hivyo sasa twakusanya sahihi za kudai kituo hicho mapema, mwezi wa saba ziwe tayari, nambari ya kitambulisho na mtaa. Mabwana pia wasaini, hao watoto hatukuwaokota. Siku ya kikao wawili watabaki na watoto nje kwenye kivuli na juisi, wengine waingie. Nani ana leso kubwa za kutandika chini aniandikie kule kwa grupu, na jamani msinitumie sahihi kwa voice note.