Kanazawa kwa Kufuata Maji

Saa kumi na mbili asubuhi, katikati ya Novemba, lango la Renchimon la bustani ya Kenrokuen, mjini Kanazawa nchini Japani, lilikuwa wazi na kibanda cha tiketi kimefungwa. Mchana kiingilio ni yen 320. Alfajiri ni bure, ila kwa masharti: milango inayofunguliwa ni miwili tu, huo na wa Zuishinzaka, na kwa majira hayo saa mbili kasoro robo uwe umeshatoka, maana saa mbili zamu ya wanaolipa inaanza. Mwongoza watalii wetu, mama wa makamo aliyezaliwa mji huohuo, alitukuta pale akiwa na miavuli mitatu ingawa mawingu yalikuwa mepesi. Wenyeji wa Kanazawa wana msemo wao: hata ukisahau chakula cha mchana, mwavuli usisahau. Kufika saa nne tulikuwa tumeikunjua na kuikunja mara tatu.

Kabla ya habari za bustani alitazama viatu vyetu. Siku hiyo tungevivua mara tatu au nne, na viatu vya kamba ndefu hufanya kundi zima lisimame mlangoni kukungoja. Vaa vya kutumbukiza mguu, visivyopitisha maji, na soksi zisizo na matundu. Sakafu za mbao za nyumba kongwe huwa baridi kama jiwe kuanzia Novemba, kwa hiyo soksi nzito ni bora zaidi.

Wageni wengi huuona mji huu vipande vipande: bustani, ngome, soko, mtaa wa geisha. Yeye aliupanga kama mkondo mmoja. Tulianzia juu, maji yanakoingilia, tukashuka nayo.

Ukoo wa kitawala wa Maeda uliingia Kanazawa mwaka 1583, na himaya yao ya Kaga ikaja kuhesabiwa kuwa na mavuno ya zaidi ya koku milioni moja. Koku moja ni kama lita 180 za mchele, kadiri ya kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Kwa utajiri huo wangeweza kununua karibu kila kitu, lakini ngome yao ilikaa mlimani na mlimani hapakuwa na maji ya kutosha. Mwaka 1631 moto uliunguza mji na ngome pamoja. Mwaka uliofuata wakachimba mfereji wa Tatsumi chini ya usimamizi wa Itaya Heishiro: kama kilomita 11 kutoka juu ya mto Sai, na karibu kilomita nne kati ya hizo zikiwa mahandaki ndani ya miamba. Mfereji huo ungali unatiririka. Vijito vyote unavyoviona Kenrokuen, pamoja na bwawa la Kasumigaike, vinalishwa nao.

Kando ya bwawa hilo imesimama taa ya mawe ya Kotoji, ambayo ndiyo picha ya mji mzima. Ina miguu miwili: mmoja mrefu umezama majini, mwingine mfupi umekanyaga jiwe. Jina lake limetokana na kidaraja kinachobeba nyuzi za koto, ala ambayo mpiga taarabu angeiona binamu ya kanuni. Mahali pa kupigia picha ni kidaraja cha mawe mbele yake, na ni pembamba, watu wawili wamekijaza. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa peke yetu. Ukija saa tatu na nusu utapanga foleni, na nyuma ya taa utapata miavuli ya watu.

Kilichotukalisha muda mrefu zaidi lakini ni kamba. Tangu Novemba mosi watunza bustani huanza kazi iitwayo yukitsuri, yaani kuitundika miti isivunjwe na theluji, na wa kwanza daima ni msonobari wa Karasaki. Husimamisha nguzo tano katikati ya matawi, kisha kutoka kilele cha kila nguzo hushusha kamba za mabua ya mpunga, kiasi cha kamba 800 kwa mti huo mmoja, kila moja ikishikilia tawi lake. Ukisimama chini unaona kitu kama paa la msonge lililobaki fito tupu. Sababu iko katika hali ya hewa. Theluji ya Kanazawa huanguka wakati joto liko karibu na sifuri, kwa hiyo ni nzito, imejaa maji, na hunata. Theluji kavu ya kaskazini ingepeperuka. Hii hukaa juu ya sindano za msonobari hadi tawi likatike. Kamba hulidaka tawi linapotaka kushuka.  Kazi yenyewe huendelea hadi katikati ya Desemba, na kuanzia katikati ya Machi hufunguliwa zote.

Chini kidogo kuna chemchemi ya kurusha maji, miongoni mwa za kale kabisa Japani. Haina pampu. Maji yanatoka Kasumigaike iliyo juu yake, na huruka kama mita tatu na nusu kwa msukumo wa mteremko tu. Kina cha bwawa kikipungua, nayo hufupika. Mama yule alitusimamisha hapo makusudi, kwa sababu kanuni hiyohiyo ndiyo iliyoipa ngome maji.

Sisi husema maji hayapandi mlima. Kati ya bustani na ngome kulikuwa na handaki pana la maji, ambalo leo ni barabara ya magari, na daraja la Ishikawabashi linapita juu yake. Mabomba yalishushwa upande wa bustani, yakapita chini, yakapanda upande wa ngome. Kwa kuwa chanzo kiko juu kuliko uwanja wa pili wa ngome, maji yaliparamia yenyewe. Mabomba ya kwanza yalikuwa ya mbao, yakabadilishwa baadaye kuwa ya mawe yaliyotobolewa.

Lango la Ishikawamon, la mwaka 1788, lina paa jeupe ambalo kwa mbali unadhani limeangukiwa na theluji. Ni vigae vilivyofunikwa kwa risasi, ile madini, na risasi ikikaa hewani miaka mingi hupauka. Ukishaingia geuza shingo kulia na kushoto: kuta mbili zinazotazamana zimejengwa kwa namna mbili tofauti, upande mmoja mawe yamechongwa yakakutana bila mwanya, upande wa pili yamepangwa yakiwa na kingo zake. Eneo la ngome halina kiingilio. Jengo la ndani la Hishi Yagura, lililojengwa upya mwaka 2001 kwa mbao na maungio ya kale, ni yen 320. Kama muda ni mfupi, kwa maoni yangu liache. Kuta za nje zina mengi zaidi, hasa ile iliyo juu ya bustani ya Gyokuseninmaru, ambako kati ya mawe wametia mchirizi wa jiwe maji yapate kuporomoka ukutani kama maporomoko ya mlimani. Huo ni ukuta wa vita uliogeuzwa pambo. Watawala wa Japani waliokaa Edo, Tokyo ya leo, walikuwa wakiwatazama akina Maeda kwa jicho kali, nao wakaona heri wajulikane kwa bustani, chai na ufundi kuliko kwa mizinga.

Kutoka hapo lango la Nezumitamon linakutoa hadi hekalu la Oyama, na dakika kumi za miguu zinakufikisha Nagamachi, walikokaa samurai. Mji una mifereji 55, jumla kama kilomita 150, na hapa unapita wa Onosho, mmoja wa mikongwe kabisa. Nyumba ya Nomura (yen 550) huyapitisha maji yake ndani ya bustani yake ndogo kisha huyarudisha mferejini. Kuta za mtaa ni za udongo. Desemba hutundikwa mikeka ya mabua ya mpunga, kwani udongo ukilowa kisha maji yakaganda ndani yake hubanduka kama ganda la yai. Kwenye pembe moja mwongozaji alituonyesha jiwe la kawaida ambalo tungelipita bila kuliona: gopposeki. Wapita njia walikuwa wakibisha ndara zao za mbao hapo ili theluji iliyonasa kati ya meno ya ndara idondoke.

Mchana soko la Omicho. Nenda kabla ya saa tano na nusu, vinginevyo foleni ya bakuli la wali na samaki wabichi itakula saa nzima. Usile huku unatembea. Kula palepale mbele ya duka ulilonunua na uwarudishie taka zao. Kaa wa majira walikuwa wametoka siku chache tu, msimu huanza Novemba 6. Dume kubwa lenye kibandiko cha bluu mguuni ni la bei ya kuogofya. Mwerevu hununua jike, kobako, dogo lakini limejaa mayai ndani na nje, na msimu wake hufungwa mwisho wa Desemba. Kwa asiyetumia kileo: samaki mbichi si tatizo, tatizo ni mirini na sake, pombe za mchele, zinazotiwa kwenye michuzi, mara nyingine hata kwenye wali wenyewe. Mwongozaji alituandikia kikaratasi cha Kijapani tukionyeshe jikoni, na maduka mawili yalitueleza kwa uungwana kwamba hayawezi. Bila kile kikaratasi tungeletewa tu.

Alasiri tulivuka kwenda Higashi Chaya, mtaa wa geisha, na kabla ya mtaa wenyewe tukapita karakana ya dhahabu. Karibu jani lote la dhahabu linalotengenezwa Japani hutoka Kanazawa, na hewa yenye unyevu ina mkono wake humo: jani lina unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na katika hewa kavu umeme tuli ungelinasisha kila mahali. Dhahabu huchanganywa na fedha na shaba kidogo, hufuliwa ikiwa imepangwa baina ya karatasi nyingi, na karatasi hizo ndizo siri. Kwa ufundi wa kale ni karatasi ya washi iliyolowekwa mara kwa mara katika maji ya majivu ya mabua, maji ya tunda la kaki na yai. Mwaka 2020 ufundi huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO pamoja na fani nyingine za majengo ya mbao.

Fundi hulishika jani kwa koleo la mwanzi, si la chuma. Hulilaza juu ya ngozi, hupuliza pumzi moja fupi katikati, nalo hutandazika lote. Sisi tulipuliza, likakunjamana likawa kama kipande cha uzi. Tulipopewa kisanduku tubandike wenyewe, kosa la kwanza lilikuwa gundi: ukipaka nyingi jani huzama na kufifia, inatakiwa upake kisha ufute hadi ubaki unato tu. La pili ni kugusa kwa kidole. Jani halirudi. Aiskrimu ya dhahabu inayouzwa mtaani haina ladha yoyote ya dhahabu, na bei yake ni ya picha.

Higashi Chaya ilianzishwa mwaka 1820. Nyumba ya Shima (yen 500) ni ya mwaka huohuo na haijabadilishwa mpangilio. Sogelea madirisha ya chini ya mtaa: fito za mbao ni nyembamba na zimesongamana, na kila moja imechongwa upande wa nje ukiwa mpana kuliko wa ndani. Aliye ndani anaona njia nzima. Aliye njiani anaona mbao. Mtu wa Lamu au Unguja ataitambua hila hiyo kwenye mashrabia za kwao. Mabasi ya watalii huondoka kama saa kumi, maduka mengi hufunga saa kumi na moja, na baina ya hapo na giza mtaa hurudi kwa wenyewe. Ukimwona geiko, ndivyo geisha waitwavyo hapa, anakwenda kazini, mpishe, usimkimbilie na simu.

Hekalu la Myoryuji, ambalo watu huliita la ninja bure tu, tulikwenda kesho yake. Nje ni ghorofa mbili, ndani nne, ngazi 29. Lazima uweke nafasi kwanza, na mwongozaji alipiga simu kwa niaba yetu. Maelezo ni ya Kijapani na unapewa kitabu cha kufuatilia. Kupiga picha hakuna.

Kuhusu malipo: tulilipa yen 36,000 kwa saa saba, na bei ni ya kundi, si ya kichwa. Juu yake tulimlipia nauli na viingilio pale alipotozwa. Bahashishi haitolewi, fedha tuliziweka katika bahasha na kuitoa kwa mikono miwili. Tangu Januari 2018 sheria inamruhusu yeyote kuongoza wageni kwa malipo, lakini wapo waliofaulu mtihani wa taifa na wana kitambulisho, omba kukiona. Wapo pia wa kujitolea wasiotoza kitu, ila unabeba nauli, viingilio na chakula chao, na uwaombe mapema. Tiketi ya basi ya siku ni yen 800. Ukilipa taslimu, mashine ya dereva hukuvunjia noti kuwa sarafu kwanza, halafu ndipo unatumbukiza nauli kamili. Wageni hudhani ndiyo chenji yao na kushuka.

Treni ya Kagayaki hadi Tokyo ni kama saa mbili na nusu, yen 14,000 na ushei, na viti vyake vyote ni vya kuwekewa nafasi. Tulifika stesheni mvua ikimwagika. Kuba la kioo lililo mbele yake, mama yule alisema akikusanya miavuli yake, lilibuniwa liwe mwavuli wa kumpokea anayeshuka kwenye treni. Tuliagana chini yake, naye akarudi kwenye kituo cha basi akiwa amefungua mmoja.