Nilivyoshindanisha Grateful Dead kwa majina ya samaki

Kila nikitaja Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani, hakosi mtu wa kuniambia: "Chukua Cornell, nyingine achana nazo," yaani kanda ya onyesho lao la 1977 kwenye chuo kikuu cha Cornell. Kaka mmoja wa Kirumba, anayenizidi umri na makelele, alinipa ushauri huo kama daktari anayeandika dozi. Bendi imeanza California mwaka 1965, imepiga maonyesho zaidi ya 2,300 hadi mpiga gitaa wao Jerry Garcia alipofariki Agosti 1995, halafu mimi nitosheke na usiku mmoja? Muuza vifaa mmoja wa mjini naye akaapa kwamba bila hedifoni za laki mbili na ushee sitasikia tofauti yoyote. Nimeisikia, tena kwa sabufa ya kawaida kabisa.

Nikaamua kuzishindanisha kanda zao, na walioingia ulingoni ni wanne. Albamu ya Live/Dead, kwa ajili ya wimbo wao mrefu wa kutangatanga, Dark Star, wa Februari 1969 pale ukumbi wa Fillmore West, San Francisco. Veneta, Oregon, 27 Agosti 1972, onyesho la kukichangia kiwanda kidogo cha maziwa, lililopigwa kwenye jua kali. Cornell, 8 Mei 1977. Na Giza, Misri, Septemba 1978, chini ya piramidi. Hiyo ya mwisho niliipenda kabla hata sijaisikia, kwa sababu Mto Naili unaopita pale umebeba maji ya ziwa letu kuanzia Jinja. Nilitaka sana ishinde.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga ila tamu. Jumamosi jioni nikaweka flash, nikaanza kusikiliza maonyesho mazima, moja baada ya jingine. Cornell peke yake inachukua karibu saa tatu nzima. Kufika Veneta masikio yameshashiba, Garcia anapiga gitaa la maana na mimi nawaza ugali. Jirani yangu ananunua dagaa Mwaloni, anaamka kabla ya jogoo. Akagonga ukuta mara ya kwanza kistaarabu, mara ya pili si kistaarabu. Kisha umeme ukakatika katikati ya Dark Star, na kwa dakika nzima nilidhani ni sehemu ya wimbo. Wanaoijua Dark Star watanielewa.

Nikagundua na jambo jingine: kila kanda iliyokuwa na sauti kubwa zaidi niliiona bora. Nikiongeza Veneta kidogo, inashinda. Nikipunguza, inashindwa. Hapo ndipo nikamwita mpwa wangu, yuko kidato cha tatu, simu anaijua kuliko mimi.

Nikamwambia akate wimbo mmoja mmoja: Dark Star ya 1969 na ya 1972 upande huu, Fire on the Mountain ya Cornell na ya Giza upande ule. Kisha afute majina yote, aweke ya samaki, na asiniambie nani ni nani. Akaweka Sato, Sangara, Furu na Kambale. Ya Giza ilitaka ujanja wa ziada, maana inaanza na mwanamuziki wa Kinubi, Hamza El Din, na waimbaji wake wakipiga makofi, bendi inajipenyeza polepole hadi Fire inazaliwa humo humo. Makofi hayo ningeyatambua nikiwa usingizini, kwa hiyo akayakata. Iliniuma, ndiyo dakika nzuri kuliko zote za Misri.

Sauti tulisawazisha hivi: simu yenye programu ya kupima kelele juu ya kigoda ninachokalia, kijana kwenye kitufe cha sabufa, anazungusha hadi namba zifanane. Kila samaki akapata alama yake kwenye kitufe kwa rangi ya kucha ya mama watoto. Chupa ile hadi leo anaitafuta.

Basi nikageukia ukuta. Furu ikaanza, mpwa akavumilia kama dakika kumi, akauliza: "Anko, huu wimbo utaanza lini?"

Fire on the Mountain sikuhitaji hata kuirudia. Sangara aliingia na dramu mbili, Kreutzmann na Hart, zikitembea kama mtu mmoja mwenye mikono minne, gitaa linameremeta juu yake. Sato alikuwa na raha yake lakini analegalega. Sangara ni Cornell. Naili yangu ikazama mchana kweupe, na kaka wa Kirumba hajaacha kunikumbusha. Utetezi ninao: Misri Kreutzmann alipiga mkono mmoja ukiwa umevunjika, na wenyewe hawakuitoa rasmi hadi 2008. Cornell kurekodiwa vizuri hivyo ni kazi ya mama mmoja fundi wa sauti, Betty Cantor-Jackson. Mwaka 1986 kanda zake nyingi zilipigwa mnada kwa sababu ya deni la stoo. Fikiria!

Kwenye Dark Star ndipo nilipopata changu. Ya 1969 imebana, kinanda kinafukuta chini, hakuna noti ya ziada. Ya 1972 ina dramu moja tu kwa sababu Hart alikuwa ameondoka, na nafasi aliyoiacha Phil Lesh anaijaza na besi inayokwenda kila mahali, piano ya Keith Godchaux ikimfuata. Inapita nusu saa. Zamani ilitosha foleni na kivuko pale Kigongo. Sasa daraja limeisha, unafika Busisi kabla wimbo haujachanganya. Niliichagua bila kujua, na ningeichagua tena.

Ukijaribu, usiweke kanda ya shabiki dhidi ya iliyotoka kwenye mashine ya sauti ya jukwaani. Utakuwa unashindanisha maikrofoni. Za mashabiki ni nyingi, bendi iliwaruhusu kurekodi na mwaka 1984 ikawatengea sehemu yao ukumbini, ila zishindanishe zenyewe kwa zenyewe.

Mgeni akija nampigia Cornell. Veneta ni yangu, na flash haiazimwi. Mpwa naye anadai Sato ilionewa, anataka turudie na makofi yakiwemo. Nimemwambia alete bando.