Kinanda cha mabomba darasani: tuanze na upepo

Somo la kinanda cha mabomba kwa watoto huanza mara nyingi na yale mabomba marefu yanayong'aa kwa mbele. Kwa maoni yangu, hapo ndipo linapopotea. Yanavutia, ndiyo, lakini kwenye vinanda vingi baadhi yake ni pambo tu na hayalii kabisa. Kitangulie kisichoonekana: upepo.

Watoto hudhani bomba kubwa hulizwa kwa kupulizwa kwa nguvu. Chukua mpira mwembamba wa plastiki angavu, uukunje kama herufi U, utie maji hadi nusu. Mtoto apulize upande mmoja mpaka maji ya pande mbili yatofautiane kwa milimita 75. Presha ya vinanda vingi haiko mbali na hapo, na mtoto wa darasa la tatu anaifikia bila shida. Shida ni kuyashikilia maji yasicheze kwa sekunde kumi. Akishahangaika kidogo, mwonyeshe mivukuto yenye uzito juu yake: feni huleta hewa, uzito huituliza.

Kisha mabomba. Kata vipande vya bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 15 hivi, laini kingo kwa msasa, na uzibe upande mmoja kwa kizibo kinachosogea kwa kubana. Kuanzia kizibo hadi mdomo, pima sentimita 16.4, 14.6, 13.0, 10.9 na 9.7. Hizo ni do, re, mi, so, la. Safu ya pili iwe nusu ya vipimo hivyo, nayo itapanda oktavu moja. Ongeza sentimita mbili kila kipande kwa ajili ya kizibo, na kila mtoto awe na bomba lake kwa sababu ya mate.

Yote yatalia chini kidogo ya nota, kwa kuwa hewa inayotetemeka huvuka mdomo wa bomba kabla ya kugeuka. Mafupi ndiyo yatakayokosea zaidi, maana mvuko ni uleule ilhali bomba limepungua. Sukuma kizibo ndani milimita moja moja. Mabomba ya mbao yaliyozibwa hutuniwa hivyohivyo, kwa kizibo kilichovikwa ngozi. Wape mapumziko, kupuliza mfululizo huleta kizunguzungu.

Sehemu inayochanganya hata watu wazima ni kwa nini kibonyezo kimoja huliza bomba moja, au mawili, au kisilize lolote. Wapange watoto kumi katika safu mbili za watano. Mwalimu akitaja nota, huyo ndiye kibonyezo: kinafungua kilango cha hewa chini ya mabomba yote ya nota hiyo. Akitaja safu, hiyo ndiyo stopu: inasogeza ubao wenye matundu hadi yalingane na miguu ya mabomba ya safu hiyo. Anapuliza yule tu ambaye nota yake na safu yake vimetajwa. Taja “mi” peke yake, kimya. Taja “mi” na safu zote mbili, wanalia wawili. Hapo wataona kwamba kubonyeza kwa nguvu hakuongezi sauti. Anayetaka sauti kubwa huongeza safu.

Usiache kuonyesha hitilafu, watoto huzipenda kuliko nadharia. Tengeneza kilango cha kadibodi juu ya tundu, kisha bana kipande cha karatasi pembeni: hewa inavuja. Kwenye kinanda halisi uchafu mdogo kama huo hufanya nota iendelee kulia kidole kikiwa kimeshaondoka. Mpiga kinanda hubonyeza tena haraka mara kadhaa ili uchafu udondoke. Ukigoma, anafunga stopu za safu zote zinazotumia kilango hicho, na kama kinanda kina safu nyingine zenye vilango vyake, anaendelea na hizo mpaka fundi aje kufungua sanduku la upepo, lile lililo chini ya mabomba lenye vilango ndani yake.