Baruti Uliweka?

Juzi Jumamosi kitinda mimba wangu alikuwa akitafuta kifungo cha koti kwenye kile kikopo cha kahawa ninamotupia vikorokoro, akaibuka na kitu kiganjani.

"Baba, hii gololi mbona nzito?"

"Iweke chini, kanawe mikono. Hiyo ni risasi."

Akaiachia kama kaa la moto. Mtoto wa Virginia huyu, Kiswahili chake ni cha mezani na cha simu za bibi yake, na risasi anayoijua ni ile ya kwenye taarifa ya habari. Mimi nilimaanisha madini, yale ya kwenye betri za gari, yanayodhuru ukiyachezea halafu ukalamba vidole. Nikaanza kumsahihisha, nikanyamaza, maana alikuwa sahihi vilevile. Ni risasi iliyotengenezwa kwa risasi. Waliotuachia lugha hii hawakuona sababu ya kutumia maneno mawili.

"Iliwahi kupigwa?" akauliza kutoka bafuni, maji yanamwagika.

Swali la ndiyo au hapana, na jibu sikuwa nalo.

Ugonjwa wangu mnaujua, sirudii. Wenzangu walipofika huku walinunua magari yenye kelele. Mimi nilianza kununua bunduki za kale ambazo si za kale, zinazochongwa leo na wazee wasio na haraka, kwa kufuatisha zile walizokuja nazo Waingereza pwani hii karne ya 17. Ziko nne sasa. Tatu zililetwa na posta mlangoni kama viatu, kwa kuwa sheria ya shirikisho ya 1968 haiziweki bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, hata zilizoigizwa jana, kwenye fungu moja na silaha za moto za kawaida. Mama watoto anaziita "hizo kuni zako". Ukutani anaruhusu moja tu.

Ile moja ndiyo ya kwanza, ya Mzee wa bonde la Shenandoah. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza. Aliponiuliza maana yake nikamwambia ni cheo, na hakuuliza tena. Ilimchukua miezi 14. Mtutu wa inchi 46 aliupata tayari. Mtambo ulimfikia vipandevipande, vyuma ghafi visivyojuana, akavipiga tupa jioni baada ya jioni mpaka vikakubali kukaa nyumba moja. Kitako na mwili wake akavichonga kutoka ubao mmoja wa mjozi. Mimi nilikuwa nalipa kwa awamu, kila zamu mbili za ziada za usiku awamu moja, na kila nikipeleka pesa ananionyesha kilichoongezeka. Mara nyingine kilichoongezeka ni skrubu moja.

Mtindo wake ni wa miaka ya 1640 hivi. Taya la chuma limeuma jiwe la gumegume, na nyuma ya taya kuna kikulabu kidogo. Ukilivuta taya nusu, kikulabu kinalidaka, na bunduki haiwezi kulia mpaka ulivute tena hadi mwisho. Waingereza wanakiita kikulabu hicho mbwa. Ni mbwa wa kumzuia mwenye nyumba asijitoboe mguu.

Sasa ile siku. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, kwenye uwanja wa shabaha wa mashambani, mkusanyiko wa watu wenye ugonjwa kama wangu. Nusu yao wamevaa kama walowezi: soksi za sufu hadi magotini, kofia ndefu, koti la vifungo vya pyuta. Mimi nilivaa jaketi la kazini. Mweusi nilikuwa peke yangu, jambo ambalo huku unalizoea, kisha siku moja unagundua hujalizoea. Walinikaribisha vizuri, nisiwasingizie. Supu ya nyama ya paa nilikunywa bakuli mbili.

Zamu yangu ikafika. Utaratibu Mzee alikuwa amenikaririsha kama shahada: baruti kwanza, kisha risasi katika kitambaa chenye mafuta, kisha mdeki, ule ufito wa kusukumia, shindilia mpaka uhisi imekaa. Kitambaa nilikuwa nimekikata kwenye kanga iliyochakaa ya mama watoto, bila ruhusa. Nikamimina baruti kwenye kipimo cha pembe, nikakishika, nikageukia mtutu. Hapo bwana mmoja mwenye kofia ndefu, mtu mpole, uso mwekundu kwa baridi, akaniinamia akauliza, "Na wewe, enzi hizo ungekuwa nani?"

Pale kila mtu alikuwa na mtu wake. Yule ni seremala, huyu nahodha, mwingine mkulima wa tumbaku. Hakuuliza kwa ubaya. Nikasema, "Mpishi!" Akacheka, nami nikacheka. Nikachukua risasi na kanga yangu, nikasukuma, nikashindilia, nikatia unga laini wa baruti kwenye kisahani, nikainua bunduki begani, nikavuta.

Gumegume ikilia vizuri unasikia sauti mbili zilizoshikana mikono: fyu-puu. Jiwe linakwangua chuma, cheche zinamwagika kisahanini, moto wa kisahani unapenya kitunduni, ndipo baruti ya ndani inalipuka. Mimi nilipata fyu. Mwali wa manjano karibu na jicho, moshi, harufu ya yai viza. Kisha kimya.

"Usishushe!" msimamizi akapaza sauti. "Dakika moja!"

Ndiyo sheria. Huenda kuna cheche imejificha ndani, inatafuna baruti polepole. Unabaki hivyohivyo, mdomo wa mtutu umeelekea kwenye shabaha, hugeuki, huchungulii. Mstari mzima ukasimama. Kilo nne na nusu begani, na upepo wa Oktoba unaingia mkononi mwa jaketi.

Mwanzo ilikuwa aibu tupu. Sekunde kumi hivi niliwaza kwamba wote wananitazama, na walikuwa wananitazama kweli.

Kisha akaja babu. Hakuitwa, alikuja na ile harufu. Kule Urambo alikuwa na gobore la kulindia mahindi dhidi ya nyani, mtutu wake bomba ambalo asili yake hakuna aliyewahi kuiuliza. Lilikuwa la fataki, vile vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa, na fataki zikikosekana alikwangua vichwa vya njiti za kiberiti kwa kisu cha kumenyea viazi. Lilikuwa linagoma kuliko linavyolia. Likigoma alisimama vilevile, hivi nilivyosimama mimi, shavu kwenye ubao, na kunong'ona bila kugeuza kichwa: "Usilichungulie, mjukuu wangu. Linawaza." Nasi tuliokuwa nyuma yake tunaziba masikio tukisubiri limalize kuwaza. Alipenda kutuambia kwamba gobore lake ni mjukuu wa bunduki za mtemi Mirambo, zile za gumegume ambazo Ulaya ilizichoka ilipopata fataki, zikauzwa Unguja na kupanda bara na misafara ya pembe. Mwaka nilioingia darasa la sita ikaja operesheni. Akaambiwa alisalimishe, akalisalimisha. Nilimsindikiza. Likarushwa juu ya rundo, likalia kama bomba linavyolia likiangukia mabomba, naye akapewa karatasi yenye mhuri. Njiani kurudi aliikunja mara nne.

Mkono ukaanza kutetemeka. Nikahesabu kwa Kiswahili, nikapotea arobaini na kitu.

Halafu lile swali likarudi. Ungekuwa nani. Na kwa nini, katika kazi zote za duniani, nilitaja mpishi? Pengine kwa sababu ndiyo kazi ambayo mtu wa kofia ndefu angenielewa nayo upesi. Mwaka 1640, miaka ileile ya mtindo wa bunduki niliyokuwa nimeikumbatia, baraza la Virginia liliagiza kwamba watu wote wapewe silaha na risasi, isipokuwa weusi. Miaka 21 ilikuwa imepita tangu meli ya kwanza iteremshe Waangola ishirini na kitu, mateka, pale Point Comfort. Niliisoma sheria hiyo usiku mmoja kazini, mstari mmoja tu, nikafunga kitabu, na mwisho wa mwezi nikapeleka awamu yangu kwa Mzee kama kawaida.

Mwenzangu mmoja wa zamu ni mzaliwa wa hapa, na wazee wake wamezikwa Virginia tangu kabla nchi hii haijapata jina. Namwonyesha picha za watoto, anacheka. Nimemwonyesha ugali, akacheka sana. Nilipomwonyesha picha ya bunduki, alinirudishia simu bila neno na kwenda kujaza maji kwenye chupa ambayo ilikuwa imejaa.

Ungekuwa nani? Jibu la haki ni kwamba ningekuwa Unyamwezi, sina habari na Virginia wala baraza lake, na bunduki ya kwanza ingefika kijijini kwetu miaka mingi baada yangu. Ni jibu la kweli kabisa. Na bado, nimesimama pale na shavu kwenye mjozi, nililiona lina ujanja ndani yake, kama mtoto anayesema hakuvunja kikombe kwa sababu alikuwa nje, na nje kwenyewe alikuwa amejificha.

"Dakika imetimia," akasema msimamizi.

Yaliyofuata ni ya haraka. Nikazibua kitundu kwa sindano, nikatia unga mpya kisahanini: fyu. Dakika nyingine. Tena: fyu. Mstari wote ulikuwa umeanza kutabasamu chinichini. Ndipo Mzee akaja taratibu, mikono mfukoni, akaniinamia sikioni kama daktari anayeuliza jambo la siri.

"Baruti uliweka?"

Nikageuza macho, si kichwa. Kwenye ubao wa mezani, wima katika kijishimo chake, kile kipimo cha pembe kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, cheusi, kimetulia kama chai ya mgeni aliyeaga akasahau kunywa. Mita moja kutoka penye cheche zangu zote tatu. Mzee naye alikiona. Hakusema kitu, alivua kofia yake na kukifunika.

Wanaojua wanajua dawa yake. Unasukumiza punje chache za baruti kupitia kitunduni, unahakikisha risasi imekaa ndani kabisa, unavuta. Safari hii ikafanya "puh", sauti ya mzee akiweka chini mzigo, na risasi ikatoka huku kila mtu akiiona kwa macho, ikapaa kivivu na kudondoka kwenye nyasi hatua kama ishirini, kipande cha kanga kikiifuata kinafuka moshi. Wakapiga makofi. Kumbe kila mmoja wao amewahi kufanya hivyo, na kila mmoja akataka kunisimulia yake.

Mstari ulipofungwa, bwana wa kofia ndefu alikwenda mwenyewe kwenye nyasi akatafuta. Alirudi na risasi pamoja na kile kitambaa, ncha zimeungua, maua ya kanga bado yanaonekana. "Samahani," akasema, "mimi ndiye niliyekukatiza." Nikamwambia hapana, si wewe. Akasimama kidogo, kama mtu anayengoja, na mimi nikasimama pia. Kuhusu yule mpishi sikumwambia kitu. Kisha akaenda kwenye supu.

Baadaye nilipiga sita nzuri. Hata moja siikumbuki.

Binti alirudi kutoka bafuni anajifuta mikono kwenye fulana yake.

"Haya, ilipigwa au haikupigwa?"

"Ilitemwa."

Akalipokea jibu hilo vizuri kuliko nilivyotarajia. Akataka kuipeleka shule Jumatatu awaonyeshe wenzake. Shule ya huku, risasi kwenye mkoba! Tungehojiwa nyumba nzima hadi paka. Nikamwambia haiwezekani, naye akanuna, kisha akasahau kununa.

"Na ile ya babu yako, ilipiga nini?"

"Nyani wawili kwa hesabu yake. Kwa hesabu ya bibi, debe la maji."

"Sasa iko wapi?"

"Waliichukua. Wakampa karatasi."

"Karatasi iko wapi?"

Nikaichukua ile risasi, nikaigeuza. Upande mmoja ni bapa kidogo, pale mdeki uliposhindilia. Kwingine kote ni duara safi, haijagonga kitu. Nikairudisha kikopini. Kifungo cha koti tulikipata chini kabisa, si chenyewe lakini kinafanana, akaenda zake.

Nilikuwa nimeshakula nusu ya chapati nilipokumbuka kwamba mimi sikunawa.