Duara la chai

Leo dukani nimeweka kikombe cha chai ya moto juu ya risiti, kukiinua naona duara jeusi tii, limekaa kama muhuri 😂

Mpwa wangu kashangaa. Mjomba, huu wino umetoka wapi? Nikamwambia hamna wino hapo baba, hii karatasi joto likiigusa tu inageuka nyeusi, mashine nayo kazi yake ni kuipasha moto mahali pa herufi.

Basi nikajikuta namhadithia Skylab, kituo cha Wamarekani kilichokuwa kikizunguka dunia 1973. Jamaa wamelala zao, huku chini watu watuma maagizo usiku kucha, teleprinta, mashine ya kuchapa ujumbe unaotumwa kutoka mbali, inachapa kwenye karatasi ya joto kama hii hii ya kwangu, wakiamka wakuta utepe mrefuuu wa kazi za siku. Hata uso hujaosha!

Ila wa Apollo 13, safari ya Wamarekani ya kwenda mwezini 1970, hawakuwa na mashine hiyo. Chombo kimeharibika, baridi, na maagizo ya kurudi nyumbani wasomewa kwa redio mstari kwa mstari, wao waandika kwa mkono.

Mtoto kanyamaza. Halafu, "Na wakikosea namba moja?"

Mimi nambari ya simu ya mteja nairudia mara tatu na bado nakosea wallahi.

Risiti kaichukua yeye, akajichora karibu na duara, kwa ukucha tu. Asema ule ni mwezi.

Nyinyi mngeandika bila kukosea? Semeni ukweli 👇