Fimbo ya kupimia dawa

Juzi kijana wangu karudi skuli na maneno mengi kuliko madaftari. Wamemezeshwa dawa ya kichocho. Wamelishwa kwanza, maana dawa ile ikikuta tumbo tupu inakupindua, kisha wakasimamishwa mmoja mmoja kwenye fimbo yenye mistari. Utosi ukigota mstari gani, ndiyo idadi ya vidonge vyako. Yeye kaishia kimoja na nusu. Rafiki yake wa dawati moja kapata viwili, na hilo ndilo lililomuuma, si uchungu wa dawa.

"Baba, na nyinyi mlipimwa kwa fimbo?"

"Tulipimwa."

"Na babu?"

"Na babu."

"Akapona?"

Nikamwambia kapona. Mama yake, yuko jikoni anakuna nazi, akakohoa kidogo. Hadithi anaijua, na anajua nimeruka wapi.

Fimbo ya kwanza mimi niliiona 2001. Mwaka ule ndio watu wote, Unguja na Pemba, walipoanza kumezeshwa dawa ya matende na mshipa, bure, nyumba kwa nyumba. Kwetu alikuja binti wa jirani, kajitanda mtandio, mkononi kashika fimbo iliyopigwa rangi. Akamwamkia Mzee, baba yangu, Mzee akaitikia, akasimama barazani, fimbo ikawekwa mgongoni kwake.

"Unanipima sanda, mwanangu?"

"La, baba. Nakupimia dawa."

Tulicheka sote, hata yeye mwenyewe. Vidonge vilikuwa aina mbili. Kikubwa cha minyoo, albendazo, kimoja kwa kila mtu, awe mrefu awe mfupi. Vile vidogo vyeupe, Mectizan, ndivyo vya kupimiwa fimbo. Mzee alivimeza kwa bilauri nzima ya maji na Bismillahi ya kusikika mpaka kwa jirani, na nadhani katika kijiji kizima hapakuwa na mtu aliyevitarajia kama yeye.

Baiskeli yake, Phoenix nyeusi yenye karia ya chuma, nilipewa nikiwa na miaka 11. Nikajiona mimi ndiye kipenzi, nikamringia hata kaka. Ilinichukua miaka kujua kwamba sikupewa: ilimshinda kuikalia. Ndipo nikaanza kuyaunga na mengine. Kanzu zake zilizokuwa zikishonwa pana kila mwaka. Kuswali safu ya nyuma, yeye aliyekuwa akiadhini. Harusini hakai mkekani, anasimama mlangoni kama mwenye haraka. Mshipa, basi. Bara wanaita busha. Kwetu halikuwa jambo la ajabu, wazee wenye nao walikuwa wengi, lakini halikuwa jambo la kutajwa. Ukimwona mtu anakatazwa madafu unajua kuna nini, kwa sababu watu walishika kwamba dafu ndilo linalojaza mshipa. Mzee aliacha madafu miaka minane. Dafu la watu halikuwa na kosa lolote. Ni mbu, wale wa vyooni na wa maji machafu, wanatoa vijidudu kwa huyu wakampa yule.

Hilo tuliambiwa na watu wa damu, waliokuja kijijini usiku. Saa nne za usiku, na taa, wanachoma watu vidole na kutia tone kwenye kioo, maana vijidudu vile mchana hujificha, usiku ndio hutoka kwenda kwenye damu, wakati mbu naye yuko kazini. Wazee wakasema hawa mumiani. Mtu mzima ukimgongea mlango saa nne usiku ukamwambia unataka damu yake, atakuitaje tena?

Na mwenye mshipa mkarafuu haupandi. Hapa ndipo ugonjwa wa mtu mmoja ulipokuwa wa nyumba nzima. Karafuu haisubiri: ikishapasuka ua, thamani imekwenda, na mchumaji wa kulipwa anahesabiwa kwa pishi, asubuhi kwa jioni. Mzee alikuwa mchumaji hodari, anapanda mpaka kwenye vitawi ambavyo ndege anafikiri mara mbili. Msimu aliposhindwa, kaka akapanda badala yake. Alikuwa kidato cha pili. Akasema ni wiki mbili tu. Hakurudi tena skuli, na mpaka leo hatujakaa chini tukalizungumza.

Tiba zilitafutwa, msidhani Mzee alikaa tu. Mganga wa kwanza alitaka kuku mwekundu na akamchanja kiunoni, kidonda kikatunga usaha wiki mbili. Wa pili alimpa unga wa kulamba. Zahanati ya mtu binafsi mjini walimwambia laki mbili na nusu. Akawashukuru, akatia kofia, akatoka, na njia nzima alizungumzia bei ya samaki. Hospitali ya serikali ilikuwa bure, tangu Mapinduzi tunaimba bure, na kweli daktari hakumtoza hata shilingi. Ila bure ile ilikuwa na orodha yake. Ilikuwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, kwa kalamu nyekundu: glovu jozi tatu, uzi wa kushonea, dripu nne, spiriti, pamba, wembe. Vyote dukani. Tia na nauli, tia na chakula cha mgonjwa na cha mama anayelala mkekani chini ya kitanda. Mzee akakodisha mikarafuu 11 ya eka yake, msimu mzima, kabla haijatoa. Hiyo ilikuwa 2004, vidonge kashameza miaka mitatu mfululizo na mshipa uko pale pale.

Mimi ndiye niliyempeleka. Kaka alikuwa juu ya mikarafuu ya watu.

Asubuhi ya kupasuliwa muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akanipa wembe mpya ungali kwenye karatasi yake na kibakuli cha maji ya sabuni.

"Mwanangu, mtayarishe baba yako. Kijana wetu wa kazi hizi leo hakuja, na mie hatonikubalia."

"Nimtayarishe vipi?"

Akanitazama. "Mnyoe."

Pazia halikuwapo. Mama akavua kanga yake ya juu, tukaifunga ncha moja kwenye nondo za dirisha, ya pili kwenye mti wa dripu. Maneno ya kanga ile nayakumbuka vizuri, na kwa pahala pale hayakufaa hata kidogo. Mama akatoka nje. Mzee alikuwa kakaa kitako ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, akanyoosha mkono nimpe wembe.

"Geuka."

Nikageuka. Ukuta ulipakwa rangi ya bahari nusu ya chini na chokaa nusu ya juu, na pale rangi zinapokutana palikuwa na mjusi kafiri, katulia, kichwa chini. Nikamkazia macho yule mjusi. Nyuma yangu nikasikia wembe unakwaruza, unasita, unakwaruza. Kisha nikamsikia kavuta pumzi kwa meno.

"Umejikata, baba?"

"Kidogo."

Hapaoni. Sikuwahi kulifikiria hilo: mwenye mshipa wa kiasi kile, pale chini hapaoni, anapapasa tu. Wembe ukaanza tena. Ukasimama tena. Kitanda cha pili watu wanabishana mpira. Mjusi akaondoka zake.

"Baba, nije?"

Hakujibu. Nikahesabu mabati ya paa la nje kupitia dirishani, nikafika kumi na kitu nikapoteza hesabu.

"Dharura," akasema mwisho, polepole, kama mtu anayejitolea fatwa mwenyewe. "Dharura, sheria imeiruhusu. Njoo."

Nilijiandaa kufumba macho. Lakini nilipogeuka, alikuwa kalala chali na kofia yake ya viua kaishusha usoni, imefunika mpaka puani. Mimi nionaye nilikuwa wazi, yeye aonwaye ndiye aliyejificha. Nikapiga magoti kwenye sakafu.

Ukubwa wake sitausema. Nitasema tu kwamba ilibidi mkono mmoja uunyanyue wakati wa pili unanyoa, na ule wa kunyanyua ulichoka. Ulikuwa na joto, na uzito kama wa mtoto aliyelala.

Chini ya kofia akaanza kuzungumza.

"Ule mkarafuu wa kisimani sikuutia. Nimekodisha 11. Wa kisimani wetu. Asije mtu akakudanganya."

"Naam, baba."

"Na kaka yako mwambie asipande mvua ikinyesha. Matawi yanateleza."

"Naam."

"Ushamaliza?"

"Bado."

"Mbona mkono unakutetemeka?"

"Haunitetemeki, baba."

"Mie ndiye ninaeusikia wembe."

Akacheka. Nakumbuka kofia inavyotikisika, viua vyake vinapanda na kushuka usoni, na mimi nimesimamisha mkono hewani nikingoja amalize kucheka nisije nikamkata. Tukakaa hivyo. Muuguzi akauliza nje ya kanga kama tayari. Nikasema dakika moja, na nikaitumia dakika ile kumfuta kwa pamba, pole sana, kama anavyofutwa mtu ambaye hakukuomba umfute.

Mengine yalikwenda mbio. Alipasuliwa kabla ya adhuhuri, siku ya nane tukarudi kwa gari ya shamba, dereva akamkalisha mbele. Miezi miwili baadaye aliidai baiskeli yake, akaipanda mpaka msikitini, akaanguka nje ya birika mbele ya watu, akainuka anacheka. Kanzu zikapunguzwa. Yale ya nyuma ya kanga hatukuyataja, si mimi si yeye, mpaka amekufa. Nilimwosha mimi na kaka, na pale pia uso wake ulifunikwa, ila hilo naona bora niliache.

Ninachokirudia usiku huu ni vidonge. Kile kikohozi cha jikoni kilikuwa cha haki: dawa haikumponya babu, kisu ndicho kilichomponya. Na Mzee alilijua hilo mapema. Mwaka wa pili wa umezaji, 2002, yule binti aliporudi na fimbo yake, Mzee alimwuliza barazani, sauti ya chini, mbona hapajapungua. Binti akainamisha macho, akamwambia kweli: dawa haishushi mshipa uliokwisha kujaa, inaua vijidudu vya damuni, mbu asipate cha kuchukua.

"Basi mie nameza ya nini?"

"Mbu asikitoe kwako, baba, akampelekea huyu." Akaninyooshea kidole mimi.

Mzee akavitazama vidonge kwenye kiganja, akavitia mdomoni.

Alivimeza mwaka uliofuata, na uliofuata. Duru ya 2006, mshipa hana tena, baiskeli anapanda, hana haja yoyote, alikuwa wa kwanza barazani kwetu. Akavua kofia kwanza, akaiweka juu ya goti la mama, akasimama wima, kisigino kwenye fimbo, isije kofia ikamwongezea kidonge. Kisha akatuita mimi na kaka kwa majina yetu kamili.

Sijui. Pengine alikuwa anaogopa sheha tu, maana sheha wetu alikuwa akipita na daftari, na jina la asiyemeza lilisomwa mbele ya watu. Mzee aibu hakuipenda, hilo mshalijua. Kaka hana mshipa, mimi sina. Huenda ni vidonge vyake, huenda ni vyetu wenyewe, huenda ni vyandarua vilivyokuja baadaye. Huko Makunduchi, Unguja, hata kabla ya vidonge hivi walikuwa wamejaribu kumwaga chembe za plastiki nyeupe kwenye mashimo ya vyoo zielee juu ya maji, mbu akose pa kutagia. Katika mambo haya huwezi kujua lipi ndilo lililokuokoa.

Asubuhi kijana kaamka bado na kesi yake ya kidonge kimoja na nusu.

"Weye ulipewa vingapi, baba?"

"Vile vidogo? Vitatu."

"Na babu?"

"Vinne."

"Vinne!" Akaacha kufunga viatu. Babu huyu hakumkuta, anamjua kwa picha moja tu iliyo ukutani, na sijapata kumwona akiitazama vile. "Vinne, babu!"

Akamkimbilia mama yake kumweleza.